Vidakuzi sugu: kufuta pekee hakutoshi

Kidakuzi ni faili dogo ambalo tovuti huliweka katika kompyuta ya msomaji ili imtambue akirudi. Lou Montulli wa Netscape alikibuni mwaka 1994. Kukifuta ni rahisi. Tatizo ni vile vinavyofufuka. Mwaka 2010 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha "evercookie", kinachojinakili katika maficho kadhaa: ikisalia nakala moja, zote hurejea.

Kampuni ya simu ya Verizon ilivuka mpaka zaidi. Ilipachika alama ya utambulisho katika mawasiliano ya wateja bila kuwaarifu, mahali ambapo mteja hana cha kufuta. Mwaka 2016 ilitozwa faini ya dola milioni 1.35, fedha kidogo kwa kampuni hiyo.

Anayetaka kujikinga hana budi kufuta data zote za tovuti, si vidakuzi tu, na kutumia anwani zinazoanza na https, ambazo mtandao wa simu hauwezi kuzipachika alama hiyo.