Chanjo ya homa ya mafua Birmingham: lini na kwa nini

Homa ya mafua si mafua ya kawaida. Huweza kuleta nimonia na kumlaza mtu hospitali. Virusi vyake hubadilika, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka.

Kwa jamaa zetu walioko Birmingham, NHS huitoa bure kwa waliotimiza miaka 65, wajawazito, wenye kisukari, pumu au maradhi ya moyo, na watoto wadogo na wa skuli. Wajawazito na watoto huanza Septemba, wazee na wagonjwa Oktoba. Kinga huhitaji kiasi cha wiki 2 kujijenga, basi wahini kabla ya Disemba.

Watoto hupewa dawa ya kupuliza puani, ambayo ina jelatini ya nguruwe. Wazazi wa Kiislamu msiiache chanjo kwa sababu hiyo: ombeni sindano isiyo na jelatini, skuli au kwa daktari wa familia. Sindano haina virusi hai, haiambukizi homa. Mkono kuuma siku mbili ni kawaida.

Unayesafiri kutoka Ghuba kuwatembelea wakati wa baridi, chanjwa huko huko wiki 2 kabla ya safari.