Karanga za Nachingwea na swali la Mpemba

Wadau, ukisafiri leo kati ya Nachingwea na Ruangwa utapishana na mikorosho na mashamba ya ufuta. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, Waingereza walitaka ukanda huu uwe wa karanga. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewaachia uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakatuma wataalamu watatu, wakazunguka kwa wiki chache, wakapiga hesabu: zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Kwenye karatasi hesabu ilikubali. Mwaka 1951 mradi ukafa, na takriban pauni milioni 36 zikateketea. Reli ya Nachingwea nayo ikafungwa mwaka 1962.

Kosa halikuwa kwenye kujumlisha. Walikimbilia mamilioni ya ekari bila kuanza na shamba dogo la kupimia udongo na mvua. Swali rahisi halikuulizwa, au aliyeuliza hakusikilizwa.

Sasa linganisha na kisa kingine cha nchi hii hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friji atengeneze aiskrimu. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alifika Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara. Mpemba akauliza tena. Wenzake wakacheka.

Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kupima. Fundi wa maabara Dar akaleta jibu: ya moto yameganda kwanza, ila atarudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 mhadhiri na mwanafunzi wakachapisha makala yao kwa pamoja. Wanasayansi wanaibishania mpaka leo, na hiyo ndiyo heshima ya swali.

Hebu tujiulize sisi tuliopita chuo kikuu. Binti wa sekondari Ruangwa akiona hesabu ya kitabuni haikubaliani na alichopima shambani kwao, atamuuliza nani? Na mhadhiri wa hisabati aliyeko Dar, lini mara ya mwisho alikaa meza moja na mtoto wa kidato cha tatu?

Karanga zilitugharimu reli. Maswali tunayoyacheka sijui yanatugharimu nini.

Nawasilisha.