Kusimamisha si Kutangua: Funzo la Mwaka 1992



Lugha yetu ina maneno mengi ya kurudi nyuma katika uamuzi wa mamlaka, na kila neno lina uzito wake. Kuahirisha ni kusogeza siku mbele. Kusimamisha ni kuizuia kazi isiendelee, hali chombo chenyewe kikibaki. Kufuta ni kuondoa, kama maandishi yanavyoondolewa ubaoni. Kutangua ni kufungua kilichofungwa: amri ilikuwa na nguvu hadi jana, na tangu leo haina. Neno hili mmelisikia katika Injili ya Mathayo, pale Yesu anapoeleza kwamba hakuja kuitangua Torati. Kubatilisha huenda mbali zaidi, maana kilicho batili hakikuwa na nguvu tangu mwanzo. Mahakama ya Kanisa inapotamka kwamba ndoa fulani ni batili, haivunji ndoa iliyokuwapo. Inatamka kwamba, kwa kasoro iliyokuwapo siku ya ahadi, kifungo chenyewe hakikupata kufungwa.

Mtu aweza kudhani kwamba tofauti hizi ni kazi ya wanasheria tu. Historia ya nchi yetu yaonyesha vingine.

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Rais Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Taifa zima lilisikia, na wengi walishangilia. Siku chache baadaye, tarehe 3 Mei, alisimama mbele ya wabunge akatoa maelezo juu ya hotuba ile, na kwa maelezo hayo mlango uliokuwa umefunguliwa ukaonekana kuwa mwembamba kuliko watu walivyodhani. Hakusema kwamba ametangua neno lake. Alisema kwamba anafafanua. Hapo tunaona namna ya kwanza ya kurudisha uamuzi bila kukiri: tangazo linabaki limesimama, lakini linapunguzwa kwa ufafanuzi.

Tarehe 7 Agosti 1991 ulifunguliwa mjini Kinshasa Mkutano Mkuu wa Taifa. Wajumbe wake walikuwa zaidi ya 2,800, kutoka vyama, dini, vyama vya wafanyakazi na mikoa yote. Mwezi Desemba walimchagua Monsinyori Laurent Monsengwo Pasinya, Askofu Mkuu wa Kisangani, awe mwenyekiti wao. Watu waliuita Mkutano wenye enzi, na neno enzi lilikuwa kiini cha mabishano. Kama Mkutano una enzi, basi serikali iko chini yake hadi taifa lipate katiba mpya. Kama hauna, basi ni baraza la ushauri tu, nao waliouita waweza kuufunga watakapo.

Tarehe 19 Januari 1992, Waziri Mkuu Jean Nguz Karl-i-Bond alitangaza kwamba kazi za Mkutano zimesimamishwa. Sababu zilizotolewa zilihusu gharama na uwiano wa wajumbe. Angalieni neno lililotumika. Hakusema kwamba Mkutano umefutwa, wala kwamba maazimio yake yametanguliwa. Kusimamisha ni neno la upole. Linasikika kama mapumziko ya mafundi wanaongoja saruji ifike. Lakini katika sheria iko kanuni ya zamani: uamuzi hutanguliwa na yeye aliyeutoa, au na aliye juu yake. Kwa kuutia Mkutano kizuizini, serikali ilikuwa imekwisha kulijibu swali la enzi, na jibu lake lilikuwa hapana. Jibu hilo lilifichwa ndani ya neno lililoonekana kuwa dogo.

Wakristo walei walilielewa. Kamati yao ya uratibu iliwaita waamini wa Kinshasa waandamane kwa amani, wakidai Mkutano ufunguliwe. Jumapili, tarehe 16 Februari 1992, watu walitoka parokiani wakiwa wameshika Biblia, rozari na matawi ya miti. Askari waliwafyatulia risasi. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 30, na wengi wengine walijeruhiwa.

Tarehe 6 Aprili 1992 Mkutano ulianza kazi tena. Mwezi huohuo ulitangaza wazi kwamba una enzi, na kwamba maazimio yake yanamfunga kila mtu. Tarehe 15 Agosti ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu, na tarehe 6 Desemba ukafungwa rasmi. Hata hivyo ugomvi wa enzi haukwisha. Rais aliikataa serikali iliyotokana na Mkutano, na mwaka 1993 alimteua Faustin Birindwa. Nchi ikawa na mawaziri wakuu wawili, kila mmoja akidai kwamba uteuzi wa mwenzake ni batili. Huko ndiko taifa hufika, pale ambapo hakuna anayekubaliwa na wote kuwa na haki ya kufunga na kufungua.

Tuupime tena mwezi ule wa Aprili. Kilichotangazwa kilikuwa kuanza tena kwa kazi. Mlango ulifunguliwa, nalo lilikuwa jambo kubwa, lililolipiwa kwa damu. Lakini kuanza tena si sawa na kutangua, wala kutangua si sawa na kubatilisha. Anayeanza tena husema: tuendelee. Anayetangua husema: amri ile haina nguvu tangu leo. Anayebatilisha husema: amri ile haikupaswa kuwapo, na aliyeitoa hakuwa na haki ya kuitoa. Neno hili la tatu ndilo linalowaangalia usoni waliokufa, kwa sababu linakiri kwamba walidai lililokuwa haki yao. Kwa neno la kwanza peke yake, mamlaka yaweza kuonekana kama yametoa zawadi, nao wafu wakabaki kana kwamba walikufa kwa sababu ya mapumziko marefu mno.

Kwa hiyo, vijana, msiuchukue uamuzi wa mkubwa yeyote kwa sauti yake tu, iwe ni wa serikali, wa shule au wa chama chenu wenyewe. Ukirudishwa, ulizeni umerudishwa kwa neno gani. Je, umefafanuliwa, umeahirishwa, umesimamishwa, umetanguliwa, au umetamkwa kuwa batili? Ulizeni pia ni nani aliyeurudisha, na kama alikuwa na haki hiyo. Nanyi mkipewa madaraka, hata yawe madogo kama ya kuongoza kikundi cha parokia, siku mtakapolazimika kurudi nyuma, chagueni neno linalosema kweli, hata kama linawapunguzia heshima.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika jumuiya yetu, ni nani mwenye haki ya kutangua uamuzi wa viongozi, na kwa utaratibu gani?

2. Je, tunao uamuzi "uliosimamishwa" tangu zamani, ambao kwa kweli umekwisha kufutwa bila mtu kusema?

3. Katika mtaa au mji wetu, ni nani anayeikumbuka tarehe 16 Februari 1992, naye aweza kutusimulia?