Usita wa Mui: Njia Iliyojengwa kwa Kuketi

Njia kuu ya madukani katika mji wa Lamu huitwa Usita wa Mui. Aliyezoea Kiswahili sanifu huenda akajiuliza mui ni nini. Ni mji tu: Kiamu hudondosha j mahali pengi ambapo sanifu huitamka, kama mai kwa maji na iwe kwa jiwe. Usita ni njia ya mtaani. Jina zima, basi, ni njia ya mji. Vitabu vya kuwaongoza watalii huiita Harambee Avenue, lakini mimi nashika jina la kwanza, kwa sababu naamini kwamba historia ya njia hii imehifadhiwa katika maneno kama ilivyohifadhiwa katika mawe.

Nianze na ngome. Ilipokamilika mwaka 1821, ilisimama karibu na ukingo wa maji. Leo bahari iko mbali nayo, kwani katika karne ya 19 ufuo ulifukiwa kidogo kidogo na majengo mapya yakainuka juu yake. Hivyo Usita, uliopita kandokando ya mji, ukajikuta katikati.

Nyuma yake ziko nyumba za mawe za zamani, zilizojengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, usiozidi mita 3 hivi. Nyumba hizi huipa njia kisogo: kuta zake za nje ni tupu, na uzuri wote umewekwa ndani. Mlangoni pana daka, kibaraza chenye viti vya mawe ambapo mgeni hupokewa. Katika chumba cha ndani kabisa pana zidaka, yaani vidaka vya ukutani vya kupangia sahani za kauri. Kidaka ni daka dogo. Neno moja, basi, limesimama mlangoni likimpokea mgeni, na limeingia ndani kabisa kutunza pambo.

Mwishoni mwa karne hiyo wafanyabiashara wenye asili ya Uhindi walijenga maduka kando ya Usita, na maduka haya yakafuata fikra iliyo kinyume. Mbele yote hufunguka, bidhaa zikaonekana, na mpita njia akaitwa kwa macho. Hata hivyo, kitu kimoja kiliunganisha aina hizi mbili za majengo: kiti cha mawe. Daka lina viti vyake, na duka lina baraza yake mbele. Neno duka lenyewe limetokana na dukkan ya Kiarabu, ambayo zamani ilimaanisha pia jukwaa la kuketia. Kabla ya kuwa mahali pa kuuzia, duka lilikuwa mahali pa kukaa.

Kwa nini haya yote hayajabomolewa? Sababu mojawapo ni unyonge wa biashara. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na shehena za bara zikaelekea huko. Lamu ikakosa fedha za kujivunja na kujijenga upya. Mwaka 2001 mji huu wa kale ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Lakini orodha hulinda kuta, wala haiwezi kulinda msamiati. Zidaka zina bahati: katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliziimba za Pate zikiwa zimebaki makao ya ndege, na kwa hiyo hata asiyewahi kuingia nyumba ya mawe amelisikia neno lake. Baraza ya duka haijapata utenzi wa namna hiyo. Siku itakapojazwa ndoo na katoni za bidhaa, nani ataketi? Na pasipoketiwa, nani atakuwapo wa kumsahihisha mtoto atamkapo mui?

Washairi wenzangu, tusingoje magofu ndipo tutunge. Aliyeiimba Pate aliikuta imekwisha kuanguka. Sisi tungali na njia iliyo hai, na jina lake lingali midomoni mwa watu.