Kaswende, buba na hesabu ya mkoloni

Hapa Nakivale mtu akisikia "nenda upime kaswende" anaona kama ametukanwa. Hiyo aibu ina historia, na nchi hii ya Uganda inaijua vizuri.

Mwaka 1907 Waingereza walileta daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, achunguze kaswende. Mwaka 1908 akatangaza kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda wanaugua. Lawama aliiweka kwa dini mpya na kwa wanawake, eti wamepewa uhuru mno. Ikaja kampeni ya kukagua watu kwa lazima, na wanawake ndio walioaibishwa zaidi. Dawa ilikuwa zebaki, nayo ni sumu. Hata hospitali ya Mulago, Kampala, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa.

Baadaye wataalamu walirudia kuangalia ile hesabu. Wakaona kwamba wengi walioandikwa kaswende huenda walikuwa na buba au ugonjwa mwingine wa jamii hiyo, unaopita ngozi kwa ngozi, hasa kwa watoto. Daktari alihukumu kwa macho, na taifa zima likaitwa wazinzi.

Ndugu zetu wa mashirika, tafadhali mkumbuke hilo kabla ya kusema "wakimbizi wanaleta magonjwa."

Na sisi tusikimbie kipimo kwa sababu ya makosa ya zamani. Siku hizi ni tone la damu kidoleni, majibu yanatoka hapo hapo kituoni. Kidonda cha kwanza cha kaswende mara nyingi hakiumi, kinapona chenyewe, lakini ugonjwa unabaki mwilini, na miaka ikipita unaweza kufika kwenye moyo na ubongo. Mama mjamzito anaweza kumpoteza mtoto tumboni. Ukigunduliwa mapema, sindano moja ya penisilini ya benzathini inatosha; ukikaa nao muda mrefu, ni tatu, moja kila wiki. Kesi ngumu ndizo zinazopelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara.

Mume na mke watibiwe wote wawili, la sivyo wataambukizana tena. Na muuguzi aliyeona majibu yako hana ruhusa kuyapeleka kwenye foleni ya maji. Akiyapeleka, amerudisha mambo ya 1908, na una haki ya kumshtaki.