Land Cruiser ya zamani inagonga chini: muulize shofere "wakati gani?"

Kutoka Butembo mpaka Beni kuko kilomita 54, na kutoka Beni mpaka Kasindi karibu 80. Kwenye njia hizi, na zile za kuingia vijijini, Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990 zinabeba bado watu, makasha na magunia. Nyingi zinagonga: ko, ko, ko. Shofere anazoea. Lakini upande wa Kasindi waasi walisha kushambulia na kuchoma magari mara nyingi. Kupata pane pale jioni si hasara ya pesa tu.

Mara nyingi tunamwambia fundi: "inagonga kwa nyuma". Chuma kinapeleka sauti mbali, sikio linadanganyika. Afadhali umuambie ni wakati gani inagonga. Mbele ya yote, toa kriki, gurudumu la akiba na vyombo vilivyo chini ya viti, ushike na bomba la moshi kama limepoa. Saa ingine kelele inaishia hapo.

Inagonga ukiachilia ambreaje ao ukibadilisha vitesi
Angalia kardan. Zima motere, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, toa vitesi. Zungusha kardan kwa mkono huku na huku. Gari ya zamani itacheza kidogo, ile si ajabu. Lakini kruazio yenyewe ikicheza katikati yake, ao ukiona unga wa kutu pembeni yake, imekwisha. Kama haichezi, tia grese kwanza kabla ya kununua kitu.

Inagonga kwenye mashimo
Shika amortisere na kuitikisa. Mipira yake ya juu na ya chini inaisha haraka. Kisha angalia lame: kama kuko yenye imevunjika, na kama mipira ya masikio yake imelika. Mwisho angalia bride, zile bulo za umbo la U zinazofunga lame kwenye ponti. Alama ya chuma kinachong'aa pembeni yake inaonyesha kwamba ponti inatembea. Bride mpya zikazwe tena kisha kilomita mia chache.

Inagonga ukikanyaga freni
Rudia kwenye bride, na kwenye bulo zinazoshika freni za mbele. Pima pia urefu kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kushoto na kuume. Vipimo vikiachana sana, pengine bulo ya katikati ya lame imekatika na ponti imesogea.

Inagonga ukikata kona
Mtu mmoja achezeshe volani kidogo kidogo, mwingine aangalie rotule. Kisha inua gurudumu kwa kriki, utie kigogo kigumu chini ya ponti, ulishike juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mwenzako akanyage freni. Mchezo ukipotea, ni rulma ya gurudumu. Ukibaki, ni rulma za pivo. Sauti ya ka-ka-ka, volani ikiwa imekatwa mpaka mwisho na ponti ya mbele inavuta, inatoka kwenye viungo vya ndani ya ponti hiyo.

Ipi inaweza kungoja?
Mpira wa amortisere unaweza kungoja siku ya soko ipite. Rotule inayocheza, bride iliyolegea, bulo ya lame iliyokatika na rulma ya gurudumu hazingoji: moja inaweza kukunyima volani, ingine kukutoa gurudumu. Kruazio iliyokwisha nayo ibadilishwe kabla ya safari ndefu, kwa sababu kardan ikianguka mwendoni inapiga chini ya gari na kuvunja vingine.

Basi ukifika garaje, usianze na kusema "nibadilishie amortisere". Sema inagonga wakati gani, kwa mwendo gani, ikiwa na mzigo ao bila mzigo. Omba fundi akuonyeshe kile kinachocheza mbele ya kutoa pesa ya kipande, kiwe kipya ao cha okazio.