Kusahihisha na Kudurusu: Historia ya Mswada wa Kwanza, kutoka Lamu hadi Lubumbashi

1. Utangulizi

Kila mwalimu wa chuo hukutana na jambo moja mezani pake, nalo ni mswada wa kwanza uliovaa nguo za kazi iliyokamilika. Mwanafunzi huandika mara moja, hupeleka maandishi yake kwenye kibanda cha kuchapisha, huyatia jalada, kisha huyaleta. Mwalimu naye huchukua kalamu nyekundu, akarekebisha tahajia na upatanisho wa kisarufi, akayarudisha. Mwanafunzi hunakili marekebisho hayo neno kwa neno. Mwisho wa safari hiyo maandishi yamekuwa masafi zaidi, lakini wazo lililomo ni lile lile la siku ya kwanza, hata kama lilikuwa halijaiva.

Lengo la makala haya ni kuuliza mazoea hayo yametoka wapi. Ili swali lieleweke, tutatenganisha maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kusahihisha ni kuondoa makosa katika maandishi yaliyokwisha kuamuliwa. Kudurusu ni kuyarudia maandishi ili kuamua upya yanataka kusema nini. Dai letu ni kwamba katika historia ya Kiswahili kilichoandikwa kazi hizi mbili zilitenganishwa na kugawiwa watu mbalimbali, na kwamba mwanafunzi wa Lubumbashi amerithi kusahihishwa bila kurithi kudurusu. Tutatazama mifano mitatu ya kihistoria, kisha tutaingia chuoni.

2. Wanakili wa pwani

Kabla ya herufi za Kilatini kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nakala ya zamani inayojulikana ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1728. Herufi hizo, kama zilivyotumiwa wakati huo, hazikutosha kwa sauti zote za Kiswahili. Alama moja iliweza kusimamia b, p au hata mb, na irabu za e na i, au o na u, hazikutenganishwa daima. Kwa hiyo msomaji hakuweza kulitambua neno kwa jicho peke yake. Ilimpasa alitamke, asikie kama linaingia katika mizani na vina, na kama maana yake inakubaliana na ya neno lililotangulia.

Mnakili alikuwa katika hali hiyo hiyo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya watu wa mji wake na pia kwa wataalamu kutoka Ulaya. Kunakili utenzi wenye mamia ya beti kulimlazimu mtu kama yeye kuusoma wote, ubeti kwa ubeti, na kuamua kila mara neno lipi ndilo. Ndiyo maana nakala mbili za utenzi mmoja hazilingani kabisa. Wahakiki wengi wamezihesabu tofauti hizo kuwa kasoro. Lakini kwa upande wa mada yetu zina funzo: katika utaratibu ule hapakuwa na nakala isiyopita katika sauti na katika uamuzi wa mtu. Kuandika tena kulikuwa ni kusoma tena.

3. Halmashauri na muhuri wake

Mfano wa pili ni wa karne ya ishirini. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Halmashauri ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyounganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Miongoni mwa majukumu yake lilikuwemo la kuipitia miswada ya vitabu vya shule na vitabu vinginevyo kabla havijachapwa. Kitabu kilichokubaliwa kilipewa idhini, yaani ushahidi kwamba lugha yake imepimwa na kuonekana kuwa inafaa.

Faida ya utaratibu huo haiwezi kukanushwa. Mtoto wa Tabora na mtoto wa Mombasa waliweza kusoma kitabu kimoja chenye tahajia moja, na kamusi ya mwaka 1939 iliyotayarishwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson ilikuwa tunda la kazi hiyo. Lakini utaratibu huo ulileta pia mgawanyo mpya. Mwandishi aliandika; ofisi ikasahihisha. Kilichopimwa hasa kilikuwa umbo la lugha, kwa kuwa ndilo lililoweza kupimwa kwa kanuni moja kwa vitabu vyote. Ikiwa hoja ya mwandishi ilikuwa nyembamba, kanuni ya tahajia haikuwa na la kusema juu yake.

Kongo ya Wabelgiji haikuwamo katika Halmashauri hiyo. Huku kwetu kila misheni ilikuwa na tahajia yake, na Kiswahili cha Kongo kilipata vitabu vyake vya pekee, kama vile Manuel de Kingwana cha John Whitehead cha mwaka 1928. Hata hivyo picha ya msahihishaji ilikuwa ile ile. Mwafrika alikuwa mtoa maneno, na mgeni mwenye kalamu ndiye aliyeamua yaandikwe vipi.

4. Maandishi ya mwaka 1965

Mfano wa tatu ni wa mji wetu wenyewe. Mwaka 1965, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, paliandikwa kwa mashine maandishi yenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Licha ya jina lake, si orodha ya msamiati. Ni historia ya mji na ya utawala wa Wabelgiji, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga na André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, wale ambao wakoloni waliwaita maboyi. Hawa walikuwa wameuona mji kutoka jikoni na uani, nao walitaka habari zake zisipotee.

Maandishi hayo hayakupita katika mikono ya ofisi yoyote wala ya msahihishaji yeyote. Mipaka ya maneno haitabiriki, alama za kituo ni chache, na neno moja laweza kuandikwa kwa namna kadhaa. Mtu aliyezoea Kiswahili sanifu akiyafungua, huona fujo. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliyachapisha mwaka 1990 katika kitabu History from Below. Njia aliyoitumia ndiyo inayotuhusu. Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, aliyasoma maandishi kwa sauti, na sauti hiyo ikawa msingi wa kuyaandika upya kwa mipaka ya maneno inayoeleweka. Kitabu kikatoa pamoja maandishi asilia, maandishi yaliyopitia sautini, na tafsiri ya Kiingereza, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba kile kilichoonekana kuwa fujo kilikuwa na mpango, ila mpango wenyewe ulikuwa katika usemi. Jicho halikuuona, sikio likauona. La pili ni kwamba hakuna aliyeyatupa maandishi ya kwanza baada ya kupata yale yaliyo masafi. Msomaji anaweza kuyalinganisha na kuona ni wapi mhariri ameamua na kwa nini. Laiti maandishi hayo yangalipelekwa kwa msahihishaji wa kawaida mwaka 1965, yumkini tungalibaki na Kiswahili safi zaidi na historia pungufu zaidi.

5. Chuo kikuu na bei ya ukurasa

Chuo kikuu cha Elisabethville kilifungua milango mwaka 1956. Mwaka 1971 vyuo vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya fasihi na lugha yakakusanywa Lubumbashi. Mwaka 1981 Lubumbashi ikapata tena chuo kinachojitegemea. Katika muda huo wote lugha ya kufundishia imekuwa Kifaransa. Kiswahili kilichunguzwa, na Edgar Polomé, aliyefundisha hapa mwishoni mwa ukoloni, alichapisha mwaka 1968 maelezo ya Kiswahili cha Lubumbashi. Lakini mwanafunzi aliyefikiri kwa Kiswahili hicho ilimpasa aandike kwa lugha nyingine, ambayo kosa lake la kwanza kuonekana lilikuwa la sarufi. Si ajabu basi kwamba neno “kusahihisha” lilikuja kumaanisha kuwinda makosa ya Kifaransa.

Sababu nyingine ni ya kiuchumi. Enzi ya mashine ya chapa, karatasi ya kaboni na stensili, kubadili aya moja katikati ya sura kulidai kurasa kadhaa zichapwe upya, na kila ukurasa ulikuwa na bei yake. Mtu aliyelipia kurasa arobaini hakuwa tayari kusikia kwamba kumi za mwanzo hazina kazi. Kompyuta imeondoa sehemu kubwa ya kikwazo hicho, kwa kuwa aya huhamishwa bila kulipia chochote hadi siku ya kutoa karatasi. Lakini mazoea yana umri mrefu kuliko sababu zilizoyazaa. Mwanafunzi wa leo bado huyatendea maandishi ya kwenye skrini kama stensili iliyokwisha kukatwa.

6. Mfano mmoja wa insha

Katika mitaa ya nyumba kubwa za Lubumbashi, Golf ukiwa mmojawapo, kuna vyumba vidogo vya uani vilivyojengwa kwa ajili ya watumishi. Watu huviita boyeri. Baadhi yake leo vinakaliwa na wanafunzi wanaopanga. Uani hapo, alasiri za Jumamosi, mwandishi wa makala haya hukaa na wanafunzi wachache, kila mmoja akiwasomea wenzake kwa sauti kile alichoandika. Msikilizaji haruhusiwi kushika kalamu. Kazi yake ni kueleza, baada ya kusikiliza, amesikia nini.

Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika juu ya biashara ya makala, maana kwetu Katanga makala ndiyo makaa ya kupikia. Mswada wake ulianza kwa kurasa mbili zilizosema kuwa uchumi ni jambo muhimu katika nchi yoyote na kuwa tangu zamani mwanadamu ametumia moto. Alipomaliza kusoma, wenzake hawakuweza kutaja jambo lolote lililomo katika kurasa hizo. Walichokumbuka kilikuwa sentensi moja ya ukurasa wa tano: kwamba mama mwuzaji wa barabarani na mchomaji wa porini hawakubaliani gunia lililojaa ni gunia la namna gani. Mmoja akamwuliza, “Sasa ndugu yangu, nani anayeamua kuwa limejaa?”

Swali hilo likawa insha. Mwanafunzi alizifuta kurasa mbili, akaipandisha sentensi ile mwanzoni, akarudi sokoni kuuliza maneno wanayotumia wauzaji kutaja vipimo na namna ya kujaza. Mswada wa pili ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza, na ulikuwa na jambo la kuthibitisha.

Tuulize sasa msahihishaji wa kawaida angalifanya nini na mswada ule wa kwanza. Bila shaka angaliligeuza neno “makala” kuwa “makaa”, kwa hoja kwamba makala ni maandishi ya gazetini. Kurasa mbili tupu angaliziacha, kwani hazikuwa na kosa la sarufi hata moja. Yaani angaliondoa neno ambalo ndilo ushahidi wa utafiti, na kuhifadhi maneno yasiyo na ushahidi.

7. Utaratibu unaopendekezwa

Hatusemi kwamba usanifu wa lugha hauna maana. Insha yenye tahajia ya ovyo humchosha msomaji na humwaibisha mwenyewe. Tunachosema ni kwamba kazi hiyo ina mahali pake, napo ni mwisho. Kutokana na historia tuliyoipitia, tunapendekeza usomaji wa aina tatu.

Kwanza, mwandishi aisome kazi yake kwa sauti mbele ya mtu asiyeijua mada, katika lugha ambayo wote wawili wanaimudu vizuri, hata kama insha imeandikwa kwa Kifaransa. Lengo ni kupata jibu la swali moja: umesikia ninadai nini? Pili, siku nyingine, aisome kimya akiwa na karatasi pembeni, aandike mbele ya kila aya kazi yake kwa maneno machache. Aya isiyo na kazi hufutwa. Yenye kazi mbili hugawanywa. Hapa ndipo ushahidi unapokaguliwa pia, kwa sababu sauti nzuri yaweza kuficha dai lisilo na msingi. Tatu, ndipo aipitie tahajia, upatanisho wa sarufi na alama za kituo.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mnakili wa Lamu alilazimika kuamua kila alipoandika tena, kwamba Halmashauri ya mwaka 1930 iliupa ulimwengu wa Kiswahili tahajia moja lakini ikamzoeza mwandishi kungoja hukumu ya ofisi, na kwamba maandishi ya André Yav yaliokolewa na msomaji aliyeyapa sauti. Chuo chetu, kwa sababu za lugha na za bei ya karatasi, kilichukua desturi ya ofisi kuliko ile ya mnakili.

Kwa hiyo tunawaomba waalimu wenzetu, iwe kwa TFC na memwari za mfumo wa zamani, iwe kwa kazi za mfumo wa LMD, wadai miswada miwili: wa kwanza na wa mwisho, ikiwa imefungwa pamoja. Mwalimu apime umbali uliopo kati yake kabla ya kuhesabu makosa. Idara nazo ziihifadhi miswada hiyo kwa jozi, kama vile maandishi ya mwaka 1965 yalivyochapishwa katika sura zake zote mbili. Baada ya miaka kumi tutakuwa na ghala ya kutuonyesha jinsi wanafunzi wa Lubumbashi wanavyofikiri wanapoandika.